Mgeni wa Ulaya na mkataba wa simu

Wazazi wawili ambao watoto wao wanajiandaa kwenda Uingereza wameniuliza swali moja: mtoto akifika kule, atapataje simu isiyommalizia mshahara? Swali hili nalijibu kwa uchungu kidogo, maana mpwa wangu limekwisha kumtia hasarani.

Binti huyu alifika mji wa Leeds kufanya kazi ya kutunza wazee. Katika juma lake la kwanza aliingia duka la simu. Likamkataa, kwa kuwa hakuwa na kumbukumbu zozote za mikopo nchini humo. Akaingia la pili, na kwa bahati mbaya yake likamkubali. Alitoka na simu mpya inayong'aa bila ya kutoa hata senti moja, ila saini. Mkataba ulikuwa wa miezi 24, pauni 42 kila mwezi. Mwezi wa tisa saa zake za kazi zikapunguzwa, akashindwa kulipa miezi mitatu mfululizo. Kuvunja mkataba akaambiwa yawezekana, mradi alipe karibu yote yaliyobaki! Baadaye alipotafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba alipekua kumbukumbu zake za mikopo, akamnyima. Doa la namna hiyo hukaa miaka 6. Alinipigia akilia: "Mjomba, nilidhani nimenunua simu, kumbe nimekopa."

Naam, hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Sisi huku tumezoea kwamba simu ni kitu kimoja na laini ni kitu kingine. Unanunua simu Kariakoo, laini unasajili kwa wakala, vocha unaweka ukiwa nazo. Kule duka huviunganisha vitu hivyo viwili katika malipo ya mwezi, na mgeni haoni ni kiasi gani anacholipia maongezi na kiasi gani anachokatwa kwa ajili ya kifaa. Tupige hesabu. Pauni 42 kwa miezi 24 ni pauni 1,008. Mtu aliyenunua simu ya mtumba kwa pauni 160, akachukua laini peke yake kwa pauni 8 kwa mwezi, atakuwa ametumia pauni 352 kwa muda uleule. Tofauti ni pauni 656, nazo ni fedha ambazo zingeweza kufika nyumbani.

Kwa hiyo mgeni atafute laini peke yake, ya kulipia mwezi kwa mwezi, ambayo aweza kuiacha siku yoyote. Laini za namna hiyo za chini ya pauni 10 zipo tele. Huuzwa hata katika maduka ya vyakula, nyingine hutumwa bure kwa posta, na ile ya kulipia kabla haihitaji alama za vidole wala kitambulisho. Simu aliyotoka nayo nyumbani itafanya kazi, maadamu haikufungwa kwa mtandao mmoja.

Na asidharau majina madogo. Kampuni nyingi za bei nafuu hazina minara, zinapanga kwenye minara ya wakubwa: giffgaff hutumia mtandao wa O2, Lebara wa Vodafone, Smarty wa Three. Lakini rahisi huvunja upishi. Kabla ya kulipa, aulize wapangaji wenzake ni mtandao gani unaoshika ndani ya nyumba ile, maana upo mtaa ambao ukitaka kuzungumza sharti utoke ukasimame kwenye mvua. Akikuta amekosea, atume neno PAC kwenda 65075, apewe namba ya siri ya kuhama nayo bila ya kubadili namba yake ya simu.

Ikiwa hapana budi kusaini mkataba mrefu, asome bei itapanda lini. Tangu Januari 2025 mdhibiti wa mawasiliano wa huko, Ofcom, amezitaka kampuni kuandika ongezeko hilo kwa pauni na peni katika mikataba mipya, si kwa lugha ya mfumuko wa bei. Aliyenunua kwa intaneti au kwa simu ana siku 14 za kughairi. Aliyesaini dukani sheria haimpi nafasi hiyo.

Kuna jingine linalowadanganya wengi: dakika zisizo na kikomo. Dakika hizo ni za kupiga namba za Uingereza. Ukipiga Tanzania au Kenya, kila dakika hutozwa mbali, na kwa kampuni nyingine bei yake inatisha. Wenye simu janja watazungumza kwa WhatsApp na mambo yakaisha. Lakini mama aliyeko kijijini na kitochi chake je? Kwa ajili yake, mtoto atafute laini yenye kifurushi cha kupiga Afrika, na aone nchi yake imetajwa kwa jina.

Mwisho, laini ya nyumbani isitupwe. Humo ndimo iliko M-Pesa yake, na ujumbe wenye namba za siri za benki huingia humo. Laini isiyotumika muda mrefu huweza kufungwa na namba yake akapewa mtu mwingine. Hapo kuidai fedha yako ukiwa ng'ambo ni kazi nzito. Aibakize ndani ya simu, azime matumizi yake ya intaneti awapo nje, na ndugu wa huku awe anamrushia vocha mara kwa mara. Basi wazazi mlioniuliza, mtoto akiondoka mnunulieni simu yenye nafasi mbili za laini, tena mnunue hapahapa.