Kisomo cha watu wazima ni sehemu ya tiba

Na DAKTARI WETU

WAGONJWA huja kwa daktari na mengi: homa, kikohozi, maumivu ya mgongo. Lakini kuna tatizo moja ambalo wengi hawalitaji kamwe, ingawa huweza kuwafanya wanywe dawa vibaya, wakose siku ya kliniki, au watie alama ya kidole gumba kwenye fomu ya upasuaji wasiyojua inasema nini.

Tatizo hilo ni kutojua kusoma na kuandika.

Aghalabu tatizo hili hujificha. Mgonjwa akipewa fomu aijaze husema amesahau miwani nyumbani. Mwingine husema mkono unamuuma. Mwingine huomba aende nayo nyumbani akaisome kwa utulivu. Daktari aliye na foleni ndefu mlangoni huamini, na mambo hupita hivyo hivyo.

Juma hili tutaeleza jinsi kutojua kusoma kunavyodhuru afya, namna madarasa ya watu wazima, yale tuliyozoea kuyaita ngumbaru, yanavyowasaidia watu kuyajenga upya maisha yao, na mambo ambayo anayetaka kujiunga nayo anapaswa kuyajua.

WENGI KULIKO TUDHANIVYO

Madarasa haya si mapya. Mwaka 1979 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa. Miaka ile watu wengi, hasa akina mama, walimiminika madarasani. Baadaye idadi yao ilipungua.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima humu nchini, yaani watu kama milioni 7.8, walikuwa hawajafikia kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika. Jijini Nairobi waliojua walikuwa asilimia 87, ilhali katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki walikuwa asilimia 8 tu.

Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza mwaka 2003, imewafaa watoto wengi. Lakini mama aliyeozwa akiwa na umri wa miaka 14, au mwanamume aliyeachiwa mifugo achunge wenzake wakienda shule, hana budi kutafuta njia nyingine. Njia hiyo ni darasa la watu wazima.

HATARI ILIYO KATIKA KIBAHASHA

Chukua kile kibahasha cha dawa unachopewa hospitalini. Juu yake pameandikwa "2 x 3". Maana yake ni tembe mbili, mara tatu kwa siku. Asiyejua huweza kudhani ni tembe mbili kwa siku tatu, au azimeze zote sita kwa mara moja apone upesi.

Dawa ya malaria inayotumiwa sana humu nchini humtaka mtu mzima ameze tembe 24: tembe nne kila mara, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Kipimo cha pili humezwa saa nane baada ya cha kwanza. Anayeacha baada ya siku moja kwa sababu homa imeshuka hubaki na vijidudu mwilini, na ugonjwa hurudi.

Dawa ya maji ya watoto nayo ina hatari yake. Kijiko cha chai ni mililita 5, na kijiko cha mezani ni mililita 15. Anayekosea kijiko humpa mtoto dawa mara tatu zaidi ya inayotakiwa. Dawa ya kawaida ya kupunguza homa, paracetamol, ikizidi kipimo huweza kuharibu ini.

Kuna pia suala la siri. Asiyejua kusoma hulazimika kumpa mtu mwingine karatasi yake ya majibu. Mara nyingi msomaji huyo ni jirani au mtoto wake mwenyewe. Hebu fikiri mama anayesomewa majibu ya kipimo cha virusi vya Ukimwi na mwanawe aliye katika shule ya msingi. Wapo wanaoamua kwamba ni heri wasipimwe kabisa kuliko kuaibika hivyo.

Hali ni hiyo hiyo katika simu. Siku hizi hospitali nyingi hupokea malipo kwa M-Pesa, na nyingine huwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha siku ya kurudi. Asiyejua kusoma humpa mwingine simu na nambari yake ya siri pia, na wapo walioibiwa kwa njia hiyo wakiwa kitandani.

MAMA AKISOMA, MTOTO HUPONA

Wataalamu wamejua kwa miaka mingi kwamba watoto wa akina mama waliosoma hufa kwa uchache kuliko wa wale ambao hawakusoma. Swali likawa: je, mama aliyekosa shule utotoni akijifunza ukubwani, faida hiyo ataipata?

Jibu lilitoka Nikaragua, nchi ya Amerika ya Kati. Mwaka 1980, baada ya mapinduzi, maelfu ya vijana walitumwa vijijini kwa miezi mitano kuwafundisha watu wazima kusoma. Watafiti walikuja baadaye kuchunguza watoto wa akina mama ambao hawakuwahi kwenda shule. Baadhi ya akina mama hao walikuwa wamejifunza katika kampeni ile, na wengine hawakujifunza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Watoto wa akina mama waliojifunza ukubwani walikuwa wakifa kwa uchache, na lishe yao ilikuwa bora. Tena faida ilikuwa kubwa zaidi kwa familia zilizoishi mbali na huduma za afya.

Sababu haifichiki. Aliye mbali na hospitali ndiye anayelazimika kujitegemea nyumbani. Mtoto anapoharisha, mama huyo ndiye wa kumchanganyia maji ya chumvi na sukari. Pakiti zake madukani si sawa: kuna za nusu lita na za lita moja, na tofauti imeandikwa juu ya pakiti. Pakiti ya lita moja ikitiwa katika nusu lita ya maji, chumvi huzidi na mtoto huweza kudhurika.

Mama anayesoma pia hukielewa kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Huona kwamba chanjo inatakiwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua miezi 9 na tena miezi 18. Huona mstari wa uzito wa mwanawe ukianza kulala badala ya kupanda, naye huuliza mapema, kabla mtoto hajakonda.

Hapo ndipo penye siri. Kusoma peke yake hakuponyi mtu. Kunampa mtu uwezo wa kuuliza, na kuuliza si ujinga.

JE, SAMAKI MKAVU HUKUNJIKA?

Wengi hujitetea kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Husema ubongo wa mtu mzima umekauka na hauwezi kushika herufi.

Sayansi haiafiki. Mwaka 2009 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi uliofanywa Kolombia, Amerika ya Kusini. Waliochunguzwa walikuwa watu waliopigana msituni, kisha wakaweka silaha chini na kurudi kuishi na raia. Baadhi yao walikuwa wamejifunza kusoma wakiwa tayari watu wazima. Wengine walikuwa hawajaanza.

Bongo zao zilipopigwa picha, waliojifunza walionekana kuwa na tishu nyingi zaidi katika sehemu zinazohusika na kusoma, na njia inayounganisha pande mbili za ubongo ilikuwa imara zaidi. Kwa ufupi, ubongo wa mtu mzima hujijenga unapofunzwa.

Na humu nchini tuna mashahidi wetu. Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na mwaka uliofuata akahutubu katika Umoja wa Mataifa, New York. Alifariki mwaka 2009.

Bi Priscilla Sitienei, mkunga wa miaka mingi kutoka Ndalat, aliketi darasani na watoto wadogo akiwa amepita miaka 80. Alitaka, pamoja na mengine, kuyaandika maarifa yake ya ukunga na ya dawa za mitishamba yasipotee. Alifariki mwaka 2022.

KUANZA UPYA

Faida ya darasa haiishii kwenye kibahasha cha dawa. Wako watu ambao maisha yao yamevunjika: mjane ambaye mumewe ndiye aliyekuwa akisoma kila barua, mtu aliyeacha pombe, aliyetoka gerezani, au aliyeugua muda mrefu akapoteza kazi.

Watu hawa hukabiliwa na adui watatu: upweke, muda mtupu, na kujiona hawafai. Hao watatu huweza kumtumbukiza mtu katika huzuni ya kupindukia, ambayo ni ugonjwa kamili. Anayejaribu kuacha pombe naye anajua kwamba saa za jioni ndizo ngumu kuliko zote.

Darasa hupambana na wote watatu. Linampa mtu mahali pa kwenda na saa ya kufika. Linampa wenzake ambao wakimkosa siku mbili humwulizia. Na linampa ushindi mdogo mdogo: leo ameandika jina lake, mwezi ujao amesoma bango la barabarani, baadaye amesoma hati ya shamba aliloachiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata magerezani madarasa yapo, na kila mwaka wafungwa kadhaa hufanya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne. Anayetoka na cheti hutoka na kitu cha kuanzia.

Nguvu ya kikundi ilionekana pia kwa jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1973 walifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Jambo ambalo mtu mmoja angelisikia na kulisahau, kikundi kililitenda.

Hata hivyo, lazima tutahadhari. Darasa haliondoi haja ya tiba. Mwenye huzuni isiyokwisha, asiyelala, au anayewaza kujiua aende hospitalini mara moja, naye anayekunywa pombe kila siku asiiache ghafla bila kumwona daktari, kwani huweza kupata kifafa. Darasa liende pamoja na matibabu.

KABLA YA KUANZA

Jambo la kwanza ni macho. Baada ya umri wa miaka 40 hivi, macho ya karibu kila mtu huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Huu si ugonjwa, ni umri. Wanafunzi wengi wazima huacha darasa wakidhani wao ni wazito wa kuelewa, kumbe hawazioni herufi. Pima macho kwanza. Miwani ya kusomea huweza kumaliza tatizo siku hiyo hiyo.

Ukiwa na kisukari au shinikizo la damu, mweleze anayekupima macho, kwa kuwa maradhi hayo huharibu macho kwa njia nyingine ambayo miwani haitibu.

Pili, uliza darasa liko wapi. Ofisi ya chifu au afisa wa elimu ya watu wazima katika kaunti ndogo yako atakujulisha. Madarasa mengi hukutania katika shule za msingi, makanisa na kumbi za jamii, aghalabu alasiri baada ya kazi za shamba. Uliza saa, lugha inayofundishiwa, na kama kuna malipo yoyote. Sehemu nyingi za mashambani huanza kwa lugha ya mama, kisha Kiswahili.

Tatu, mwambie mtu mmoja wa nyumbani. Bwana anayemzuia mkewe kwenda darasani kwa saa mbili ajue kwamba anazuia dawa ya nyumba nzima.

UKIWA BADO HUJUI KUSOMA

Usingoje kumaliza darasa ndipo ujilinde. Unapopewa dawa, mwambie muuguzi waziwazi: "Sijui kusoma, tafadhali nieleze." Kisha mrudishie maelezo kwa maneno yako ili asikie kama umeelewa. Mwombe achore jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa ya usiku, na duara kwa kila tembe.

Usitie kidole kwenye fomu yoyote kabla ya kusomewa yote. Una haki ya kuuliza upasuaji ni wa nini, una hatari gani, na kama kuna njia nyingine.

Nasi tulio upande wa pili wa meza tuna wajibu. Tusiulize, "Umeelewa?" kwa maana kila mtu hujibu ndiyo. Tuulize, "Ukifika nyumbani utaimeza vipi?" Na mgonjwa anayesema kila mara kwamba amesahau miwani tumweleze kwa upole, faraghani, kwamba karibu na kwake kuna darasa, kama tunavyomweleza ilipo maabara.

Siku ya kwanza darasani huhitaji mengi: daftari, penseli, na miwani yako kama umeandikiwa. Wengi utakaowakuta huko nao walisitasita mlangoni siku yao ya kwanza.