Leza ya Maumivu Bila Dawa: Kabla Mathe Auze Ng'ombe, Soma Hii Kwanza

Kama mathe wako anaishi Sirisia, hii stori unaijua. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, anashika ukuta ndio asimame, magoti yanalia kama lango la boma. Miaka thelathini ya kupalilia mahindi akiwa ameinama, kubeba maji kichwani na kupanda hivyo vilima vya upande wa Elgon, mwili lazima udai deni lake. Anaitisha chai, halafu anaitisha "zile tembe zangu."

Wangu alikuwa hivyo. Karibu miaka minne alimeza diclofenac kila siku kama andazi la asubuhi, ananunua tu kwa kemisti bila kuandikiwa na daktari. Mwaka jana tumbo likaanza kumchoma, choo kikawa cheusi, kumpeleka hospitali tukaambiwa ni vidonda na vinatoa damu. Hizo tembe akakatazwa. Magoti nayo hayakupona, yalibaki palepale.

So alipoona posta sokoni imeandikwa leza inamaliza maumivu ya misuli, neva na viungo bila dawa, alinipigia simu usiku huohuo. Pakeji ya mara kumi, ngiri ishirini. Swali lake lilikuwa moja: "Niuze ule mtamba?"

Mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha. Nilimwambia anipe wiki moja. Haya ndiyo niliyopata, na wacha nikuchanue wewe pia.

Kwanza, hii leza ni nini?

Leza ni mwanga uliokusanywa ukawa wa rangi moja na unaoenda upande mmoja. Ya kwanza iliwashwa na Mmarekani Theodore Maiman mwaka 1960. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Hungary, Endre Mester, alitaka kujua kama mwanga huo unaleta saratani. Akanyoa panya mgongoni, akawamulika kwa leza dhaifu. Saratani haikuja. Kilichokuja ni manyoya, na yalirudi haraka kuliko ya panya ambao hawakumulikwa. Hapo ndipo hii biashara yote ilianzia.

Leza ya maumivu si ile ya kukata nyama kwenye upasuaji. Inatumia mwanga mwekundu, ama ule unaokaribiana na mwekundu ambao jicho halioni, wa nanomita 600 hadi 1000 hivi. Mtaalamu anashika kifaa kama tochi, anakigusisha kwenye ngozi nukta kwa nukta. Ile dhaifu hata huisikii. Hakuna sindano, hakuna tembe.

Ndani ya mwili, wanasayansi wanaeleza hivi: kila seli ina mitokondria, yaani mahali pa kutengeneza nguvu, kama posho mill ya kijiji. Mwanga ukifika pale unanyonywa na kimeng'enya fulani, mashine inasaga vizuri zaidi, uvimbe unapungua na neva zinapunguza kelele. Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi kwa sasa, ingawa utafiti bado unaendelea.

Inafanya kazi ama ni stori za jaba?

Hapa ndipo wengi wanadanganya, wa kuuza na wa kupinga pia. Ukweli uko katikati.

Shingo: mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 yenye wagonjwa 820. Wale wa maumivu sugu ya shingo walipata nafuu, na kwa wengine iliendelea hadi wiki 22.

Goti: mwaka 2019 uchambuzi mwingine kwenye BMJ Open ulikusanya majaribio 22 yenye watu 1,063 ambao gegedu ya goti imeisha. Kwenye mizani ya maumivu ya 0 hadi 100, leza ilishusha maumivu kwa karibu pointi 14 zaidi ya leza feki. Dozi ilipokuwa sawasawa ikafika karibu 19. Si muujiza, lakini kama mathe yako kwa 70, kushuka hadi 50 ni tofauti ya kulala na kutolala.

Mgongo: hapa mambo yanafifia. Mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kupima ushahidi wa matibabu, ulisema mwaka 2008 kwamba ushahidi hautoshi kusema leza inasaidia ama haisaidii mgongo wa chini.

Neva: ule ugonjwa wa kiganja kufa ganzi kwa sababu neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, Cochrane mwaka 2017 walisema ushahidi ni dhaifu sana.

Na si wote wamekubali hata kwa goti. Mwaka 2022 NICE, taasisi inayoshauri hospitali za Uingereza, ilisema wagonjwa wa gegedu wasipewe leza kwa sababu ushahidi wa faida hautoshi. Wataalamu wanaangalia tafiti zilezile na hawaelewani. Ukisikia mtu anakuambia "imethibitishwa asilimia mia," jua huyo anauza.

Shida kubwa ni dozi

Kumbuka ile pointi ya dozi sawasawa. Leza ni kama mbolea ya shamba lako: kidogo sana haifanyi kitu, nyingi sana inaharibu. Ule uchambuzi wa goti ulipata matokeo mazuri kwa jouli 4 hadi 8 kwa kila nukta, mwanga ukiwa wa nanomita 785 hadi 860. So mtu mwenye mashine ambaye hawezi kukuambia ni nanomita ngapi na jouli ngapi, huyo anamulika tu kama anatafuta kuku usiku.

Kuna pia suala la nguvu. Leza za daraja la 4, zile za zaidi ya nusu wati, zinapasha ngozi joto. Na hii hutaiona kwenye posta: ngozi nyeusi kama yetu inanyonya mwanga zaidi, kwa hivyo inapata joto haraka. Ukihisi inachoma, sema hapo hapo. Usivumilie ukidhani ndio dawa inaingia.

Macho nayo lazima yafunikwe kwa miwani maalum, yako na ya anayekutibu. Haimulikwi juu ya uvimbe wa saratani, wala kwenye tumbo la mjamzito. Kama unameza dawa zinazofanya ngozi isipende jua, mwambie mapema.

Na lile neno "imeidhinishwa na FDA"? FDA ni wa Marekani. Vifaa vingi vya aina hii vinaruhusiwa kuuzwa kule kwa kuonyesha vinafanana na kingine kilichoko sokoni tayari. Hiyo haimaanishi vinaponya goti la mathe. Huku kwetu vifaa vya matibabu viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Maswali ya kuuliza kabla doh itoke

Moja: nani amesema ugonjwa ni nini? Maumivu ni kama king'ora, na leza inapunguza sauti tu. Goti linaweza kuwa gegedu, linaweza kuwa usaha. Mgongo unaweza kuwa misuli, unaweza kuwa TB ya uti. Miguu kuwaka moto usiku inaweza kuwa sukari ambayo haijapimwa. Kama kuna homa, kukonda bila sababu, miguu kuishiwa nguvu, ama mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, achana na posta. Hospitali, leo.

Mbili: umesajiliwa? Kenya ina Baraza la Wanafiziotherapia, lililoundwa na sheria ya 2014. Mtaalamu wa kweli ana leseni na hakasiriki ukiitisha kuiona.

Tatu: naweza kulipa mara moja moja? Anayekulazimisha ununue kumi mkupuo anajua kitu hujui. Lipa chache, pima mwenyewe: natembea mbali kiasi gani, naamka mara ngapi usiku. Hakuna mabadiliko? Simama, baki na doh yako.

Nne: mazoezi yako wapi? Kwa goti lililoisha gegedu, mazoezi ndiyo kitu ambacho hata hao NICE wanaweka mbele. Leza bila mazoezi ni kama kumwagilia shamba ambalo hujapanda.

Tano: mathe akiwa tayari anameza tembe, asiache ama kubadilisha bila daktari, hasa za presha na sukari. "Bila dawa" inamaanisha leza yenyewe haina dawa. Haimaanishi tupa zote.

Mathe aliamua nini?

Nilimsomea haya yote kwa simu, nusu Kiswahili nusu Kibukusu. Akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hivyo si uongo, na si ukweli wote."

Hapo ndipo niliona ameelewa kunishinda.

Hakuuza mtamba. Tulichanga nauli, akapanda matatu hadi Bungoma mjini kwa hospitali ya umma, akapigwa picha ya goti, akaonwa na mwanafiziotherapia. Gegedu ndiyo imeisha. Akapewa mazoezi ya kuketi na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu, na ya kunyoosha mguu akiwa ameketi, mara tatu kwa wiki. Pia aliambiwa maji abebe kidogo kidogo, ama wajukuu wabebe. Wajukuu hawakufurahi.

Imepita miezi mitatu. Maumivu yapo, lakini ukuta haushiki tena kila asubuhi. Leza hatujaikataa. Akikwama, tutatafuta mwenye leseni na dozi anaijua, tulipie mara mbili tatu tuone.

Na wako je? Kabla hujatuma hizo ngiri, mpigie umuulize kwanza anameza tembe ngapi kwa siku. Unaweza kushtuka.