Akiugua Ng'ambo ya Mpaka, Nani Atalipa?

Sisi tunaokaa Makambako tumezoea kulala na ngurumo za malori. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa kwenda Mbeya na Tunduma, na hapa hapa ndipo inapochepuka ile ya Njombe na Songea. Mwanamke aliyeolewa na dereva hujifunza kuhesabu siku: leo yuko Mikumi, kesho yuko mzani, keshokutwa yuko Tunduma anasubiri kuvuka. Honi yake naijua hata nikiwa usingizini. Ikilia, naongeza unga kwenye sufuria.

Mwezi wa Mei mwaka 2020 hesabu zangu zilivurugika. Baba watoto alikuwa anarudi kutoka Zambia na shehena ya shaba. Alikuwa amefika Nakonde, ambao ni mji wa upande wa pili wa Tunduma, na tulitegemea baada ya siku mbili awe nyumbani. Ndipo Zambia ilipoufunga mpaka ule, kwa kuwa wagonjwa wengi wa korona waligunduliwa pale Nakonde kwa mkupuo mmoja. Malori yakasimama pande zote mbili. Foleni ilikuwa ndefu, na madereva walipika, walifua na kulala chini ya magari yao.

Siku ya pili ya kukwama kule, mume wangu akapata homa.

Mama msomaji, wewe unajua homa ilimaanisha nini siku zile. Utingo wake alinipigia simu akilia, akasema kaka amechukuliwa na watu wa afya, ametengwa peke yake mpaka vipimo vitoke, na yeye haruhusiwi hata kumsogelea. Nilikaa kwenye kigoda jikoni na simu mkononi, watoto wakinitazama. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, hivyo wote walikuwapo, na sikuwa na mahali pa kujificha nilie.

Swali la kwanza lilikuwa uhai wake. Swali la pili, nalo lilikuja upesi kuliko nilivyotaka, lilikuwa fedha. Posho ya safari aliyopewa ilikuwa ya siku za kwenda na kurudi tu. Chakula, maji, dawa, vocha ya simu, vyote vilitakiwa kununuliwa kwa kwacha. Nilimpigia tajiri wake, yaani mwenye lori. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba nisiwe na wasiwasi, bima zote zimelipwa, kadi ya njano iko garini. Nikashukuru. Nikaamini tumepona.

Kadi ya njano aliyoisema ni ile ya COMESA, ambayo gari la Tanzania hubeba likienda Zambia, Malawi, Zimbabwe au Kongo. Nilichukua barakoa yangu ya kitenge nikaenda kwa kijana mmoja anayeuza bima hapa mjini, nikamwomba anisomee masharti yake pole pole kwa Kiswahili. Akanisomea. Kadi ile hulipa hasara ambayo gari letu litamsababishia mtu mwingine ugenini, na hulipa matibabu ya dereva na abiria wake endapo wataumia katika ajali. Nikamwuliza, na homa? Akatikisa kichwa. Mume wangu angevunjika mguu kwa kupinduka na lori, angetibiwa. Kwa kuwa ameugua akiwa amesimama, kadi haimjui.

Nikatoa kadi yetu ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ile ya kaya ambayo tulikuwa tumeilipia shilingi 30,000 kwa mwaka. Hiyo pia ilikuwa ya vituo vya hapa kwetu. Hata wenye kadi ya NHIF huitumia katika hospitali, vituo na maduka ya dawa yaliyosajiliwa na Mfuko huo hapa nchini. Ukivuka mpaka, unaiweka mfukoni kama picha ya ukumbusho.

Basi fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa wetu. Mweka hazina wetu, mama wa makamo ambaye huwa mkali sana kwa wanaochelewesha marejesho, alifungua sanduku bila hata kusubiri siku ya kikao, akanihesabia laki mbili. Nilizituma kwa simu, kwa maana mtandao wa Tunduma hushika mpaka Nakonde, na utingo akazibadilisha kwa wale wabadilisha fedha wa mpakani. Baada ya siku kadhaa majibu yakatoka. Haikuwa korona, ilikuwa malaria. Mpaka nao ulikuwa umeanza kuruhusu malori kwa masharti. Alipofika nyumbani alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Mkopo ule tuliumaliza Oktoba, kwa viazi.

Nimelisimulia hili kwa sababu tangu wakati ule nimewauliza wake wengi wa madereva, hapa na Njombe mjini, swali moja tu: mumeo akiugua akiwa nje ya nchi, nani atalipa? Karibu wote hujibu kama nilivyojibu mimi, kwamba gari lina bima.

Gari, ndiyo. Lakini mtu je?

Yafaa tuelewe kwamba zipo kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni hiyo ya COMESA, nayo ni ya gari. Ya pili ni kile kijitabu cha njano cha chanjo, ambacho huonyesha kwamba msafiri amechanjwa homa ya manjano. Hicho ni cha mtu, lakini si bima. Hakilipi hata senti moja. Kinamsaidia tu asizuiwe pale kinapotakiwa. Jambo moja jema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti cha homa ya manjano hudumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Akitokea mtu wa kumwambia mumeo kwamba chake kimekwisha muda na alipe apate kingine, na ajibu kwa adabu lakini asitoe fedha.

Kuna na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Huo huchangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi kitu. Hulipa fidia mtu akiumia au akipata ugonjwa unaotokana na kazi yake. Kwa dereva ni msaada mkubwa, ila lazima ajulikane kuwa ni mwajiriwa. Madereva wengi wameendesha miaka kumi bila karatasi yoyote ya ajira; mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yao walipogoma nchi nzima mwaka 2015. Mwanamume ataona aibu kumwuliza tajiri habari za mkataba, atasema ataonekana mkorofi. Sisi tuwaulize hao wanaume, usiku, kwa upole, mpaka wachoke kutusikia.

Sasa wapo wasomaji watakaosema, mimi mume wangu ni mwalimu, haendi Zambia. Lakini je, binti yako aliyeolewa Ujerumani akijifungua, hutakwenda kumshika mkono? Ukiomba viza ya huko utatakiwa kuonyesha bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000, kwa ajili ya matibabu ya dharura na kukurudisha nyumbani ukiugua, au ukifa. Wengi huinunua kama stempu ya kupitishia fomu, hawasomi ndani. Ndani ndimo kwenye maneno. Bima nyingi za safari za mwaka 2020 hazikugusa hasara iliyotokana na ugonjwa wa mlipuko, na karibu zote zilimkataa aliyenunua baada ya ugonjwa kutangazwa. Maelezo yao ni haya: bima ni kwa jambo lisilojulikana, wala huwezi kuikatia nyumba bima ya moto huku moshi unatoka darini. Kwa kweli maelezo hayo nayaona ni ya haki. Ninachowalaumu ni kwamba huyaandika kwa herufi za ukubwa wa mchwa.

Kutibiwa ni jambo moja, kutengwa ni jambo jingine. Machi 2020 Serikali yetu iliagiza watu wanaoingia kutoka nchi zenye maambukizi wakae karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Ndege za kimataifa za abiria zilisimamishwa tarehe 12 Aprili, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Katika muda huo mtu aliweza kuwa mzima kabisa, hana hata kikohozi, lakini analipia chumba na chakula kwa wiki mbili. Bima ya matibabu haimsaidii mtu asiyeumwa. Ukitaka kujua bima yako ni ya namna gani, uliza waziwazi: je, nikitengwa nikiwa mzima, mnalipa malazi? Je, safari ikifutwa na serikali, mnarudisha nauli?

Nimesoma pia kwamba Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, katika ibara ya 40, zinasema msafiri asitozwe gharama za kutengwa kwa ajili ya kulinda afya ya umma, isipokuwa wale wanaotafuta ukaazi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizozikubali kanuni hizo. Lakini ugonjwa ulipoingia, nchi nyingi ziliwaambia wageni na wananchi wao wajilipie, na sijasikia mama wa Makambako aliyekwenda kudai kwa ibara ya 40.

Wala si maskini tu waliopatikana. Februari 2020 meli ya anasa iitwayo Diamond Princess iliwekwa karantini bandarini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Walikuwa wamelipa fedha nyingi ili wapumzike baharini, wakajikuta wamefungiwa vyumbani, wengine katika vyumba visivyo na dirisha, na watu zaidi ya 700 wakaambukizwa humo humo. Nilipowasimulia wenzangu kikobani, mmoja aliguna akasema kumbe kuna watu wenye fedha nao walilala kama utingo.

Nchi zenyewe zimejifunza. Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024 humtaka kila mgeni kutoka nje ya nchi awe na bima ya safari ya dola 44 iliyokatwa katika Shirika la Bima la Zanzibar. Sisi Watanzania haituhusu, ila kama una mkwe mwenye pasipoti ya kigeni na mnapanga kumpeleka Zanzibar, mkumbushe mapema asije akashtuka.

Pengine utasema korona imepita. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha, ni kweli. Lakini Machi 2025 Wizara yetu ya Afya ilitangaza wagonjwa wawili wa kwanza wa mpox hapa Tanzania, na mmoja wao alikuwa dereva wa lori aliyetoka nchi jirani. Nilisikia habari ile kwenye redio nikiwa namenya viazi. Kisu kilisimama chenyewe.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeweka utaratibu, nami naueleza kama ulivyo, atakaye achukue. Tumenunua daftari. Humo kuna namba ya simu ya tajiri na ya mtu wake wa Tunduma, jina la kampuni iliyokata bima ya lori na namba ya hati, na namba ya uanachama ya WCF ambayo baba watoto aliiomba kwa mwajiri, akapewa bila ugomvi wowote, baada ya kuiogopa miaka minne. Kuna nakala ya pasipoti yake na ya kijitabu cha chanjo, kikiwa pamoja na cheti cha korona alichopata baada ya chanjo kuanza nchini Julai 2021. Nakala nyingine anazo yeye. Tajiri alikubali kuandika, kwa mkono wake, kwamba dereva akizuiliwa mpakani kwa sababu ya ugonjwa au agizo la serikali, posho itaendelea. Hati yenyewe ni mistari mitatu tu, ina sahihi na tarehe. Ilichukua vikombe viwili vya chai.

Bima ya safari ya mtu binafsi bado hatujaimudu kwa kila safari. Tunaikata akienda mbali, kama Kongo, tukiisoma kwanza. Ikitokea kampuni ikakataa kulipa bila sababu, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usikubali kujibiwa dirishani halafu ukaondoka kimya. Na kikobani tumetenga mfuko mdogo wa dharura za safari, usiokopwa kwa jambo jingine lolote. Mweka hazina ni yule yule, mkali kama zamani.

Juma lililopita alipita hapa alfajiri akielekea Lubumbashi. Hakuzima injini, kwa kuwa alikuwa anafuatana na wenzake na baridi ilikuwa kali. Nilitoka na kanga mbili mabegani, nikampandishia chupa ya chai, viazi vya kuchemsha na bahasha. Zamani angeshika chupa kwanza. Safari hii aliwasha taa ya ndani, akafungua bahasha, akahesabu karatasi moja moja, kisha akaniuliza ile yenye sahihi ya tajiri iko wapi.