Kuandika Kirusi na Kiingereza kwa Kibodi Moja

Katika Barking, mashariki mwa London, ambako wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki huishi jirani na watu wa Afrika Mashariki, haja ya kuandika Kirusi na Kiingereza kwa kompyuta moja si jambo geni, kwani Kirusi hakijulikani na Warusi peke yao, bali pia na wengi waliokulia katika nchi za uliokuwa Umoja wa Kisovyeti, pamoja na Waafrika waliosoma Moscow katika chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata.

Haja hiyo haidai kibodi mpya. Kitufe kinapobonyezwa huipelekea kompyuta namba ya mahali kilipo tu, na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza kompyuta, ndio unaoamua herufi ya kuandikwa kwa kufuata jedwali liitwalo mpangilio wa kibodi. Katika Windows, mtumiaji hufungua Mipangilio, huingia sehemu ya muda na lugha, huongeza Kirusi bila kubadilisha lugha ya menyu, kisha huhama kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi. Mpangilio wa kawaida wa Kirusi huitwa ЙЦУКЕН, kwa herufi sita za mwanzo za safu ya juu. Asiyeuzoea anaweza kuchagua ule wa kifonetiki, unaoweka herufi nyingi za Kirusi penye herufi za Kirumi zenye sauti ya karibu, kama Д kwenye D.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni herufi zinazofanana. В ya Kirusi na B ya Kirumi hazitofautiki kwa macho, lakini Unicode, utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, huiita ya kwanza 1042 na ya pili 66. Kwa hiyo jina Barking likianza na В ya Kirusi huonekana sahihi kwenye fomu, ilhali kompyuta inayolitafuta hailioni. Vivyo hivyo nywila iliyoandikwa kwa mpangilio usio wake hukataliwa ingawa mwenyewe anaikumbuka vyema. Anayejifunza kuandika lugha hizi mbili na azoee, kabla ya kutafuta kasi, kutazama alama ya ENG au РУС chini ya skrini kila anapotaka kuandika nywila, anwani au jina lake.