D-dimeri iko juu, je, bonge lipo?

Rafiki yangu mwenye sikoseli alinitumia picha ya majibu ya maabara saa nne usiku. D-dimeri ilikuwa mara tatu ya kiwango cha kawaida, na yeye wala hakuwa anaumwa. "Ina maana nina bonge la damu?"

Hebu tuone namba hiyo inatoka wapi. Ukijikata kidole, chembe sahani hukimbilia pale na kushikana, kisha nyuzi za fibrini hufumwa juu yake kama wavu. Kidonda kikianza kupona, kimeng'enya kiitwacho plazimini huukata ule wavu vipande vipande. Kipande kimojawapo ndicho D-dimeri. Yaani kipimo hakioni bonge, kinaona makombo. Ukikuta makombo mezani unajua mkate umeliwa. Hujui kama kuna mwingine kabatini.

Kwa watu wengi makombo huwa machache, ndiyo maana D-dimeri ya chini, kama dalili nazo ni hafifu, humsaidia daktari kusema bonge hakuna. Kwenye sikoseli hesabu inavurugika. Seli nyekundu hupasuka kila siku, siyo siku za maumivu tu, na kumwaga himoglobini ndani ya damu. Himoglobini hiyo huifyonza oksidi ya nitriki, gesi inayotengenezwa na mishipa ambayo, pamoja na kuitanua, huzituliza chembe sahani. Zikikosa wa kuzituliza, zinaamka na kunata. Halafu kuna wengu, ambao kwa kawaida huhifadhi kama theluthi moja ya chembe sahani. Kwa wengi wenye sikoseli ya SS umeshasinyaa tangu utotoni, kwa hiyo zote ziko barabarani. Fibrini inafumwa na kukatwa kidogo kidogo, mchana na usiku.

Basi tuzizime chembe sahani, yaishe? Wamejaribu. Prasugreli ilijaribiwa kwa watoto 341, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: haikupunguza maumivu kwa kiwango cha kutosha kusema imefanya kazi. Nadhani chembe sahani ni washirika tu, chanzo ni zile seli zinazopasuka.

Nilimjibu kwamba namba peke yake haithibitishi bonge, ingawa sikoseli yenyewe huongeza hatari ya kulipata. Mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikata ghafla, akimbilie hospitali. Hapo kinachotafuta bonge ni altrasaundi ya mguu au picha ya CT ya kifua. Na ile aspirini aliyokuwa ameshainunua, nikamwomba aiache kwanza mpaka aongee na daktari wake.