Sura ya Tano: Damu Hujibu Inachoulizwa

Kizingo, kisiwani Mombasa, hakuna zizi. Ni mtaa wa mahakama, wa mnara wa taa, wa mibuyu mikongwe ya Mama Ngina inayotazama mlango wa Kilindini. Mkaazi wa hapa hukutana na mifugo ikiwa imeshakuwa nyama buchani, maziwa kwenye sufuria, au mbuzi aliyefungwa uani siku chache kabla ya Idd. Lakini mbuzi huyo ametoka mbali: Garissa, Tana River, Taita, au nyika za Kilifi na Kwale. Kuna uwezekano kwamba kabla ya kuletwa kisiwani, yeye au mwenzake wa kundi moja alichomwa sindano shingoni, damu ikavutwa, ikapelekwa maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Mariakani au ile kuu ya Kabete, Nairobi. Majibu yakarudi kwenye karatasi kwa neno moja: chanya, au hasi.

Sura hii inalihusu neno hilo. Naamini kwamba makosa mengi ya vipimo vya damu hayatokani na mashine mbovu wala mtaalamu mzembe. Yanatokana na kulisoma neno hilo kana kwamba linajibu kila swali, ilhali damu iliulizwa swali moja tu.

Maswali yenyewe ni ya aina mbili. La kwanza: je, kiini cha ugonjwa kimo humu ndani sasa hivi? La pili: je, mwili wa mnyama huyu umewahi kupambana nacho? Mtu anayechanganya haya mawili anaweza kuchinja mnyama mzima na kumwacha mgonjwa.

Swali la kwanza ndilo la zamani zaidi, na hadubini bado inalijibu vizuri. Daktari wa mifugo hutoboa mshipa mdogo wa sikio, huweka tone kwenye kioo, hulitandaza likawa utando mwembamba, hulikausha na kulitia rangi ya Giemsa. Kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na ambao wafugaji wa kando ya Shimba Hills wanaujua vyema, kuna njia nyingine: damu huingizwa katika kijibomba chembamba cha kioo na kuzungushwa kwa kasi mpaka chembe nyekundu zishuke chini na majimaji yabaki juu. Katikati hubaki utepe mwembamba wa chembe nyeupe, na vimelea vya nagana hukusanyika hapo hapo, vikionekana hai, vikijipinda. Kijibomba hicho hicho hupimwa kwa rula maalumu. Chembe nyekundu zikiwa chini ya asilimia 25 ya damu yote, ng'ombe amepungukiwa na damu, hata kama hakuna kimelea kilichoonekana. Na mara nyingi hakionekani, kwa sababu nagana iliyokomaa huwa na siku za vimelea vingi na siku za vimelea vichache mno. Mfugaji anayeambiwa "hasi" siku moja hajaambiwa kwamba ng'ombe wake ni mzima.

Kuna kisa cha pwani yetu kinachoonyesha kwamba hata jicho hodari linaweza kuona sawasawa na bado likakosea. Mwaka 1897 Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alifika Dar es Salaam akitokea India. Katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona, ndani ya chembe nyekundu, vijidudu vidogo sana. Aliamini kwamba ni watoto wa kimelea kingine kikubwa zaidi, kile kinachosababisha ng'ombe kukojoa damu. Kosa hilo linaeleweka, kwani ng'ombe wa pwani mara nyingi hubeba vimelea vyote viwili kwa wakati mmoja, na wengi wao hawaonyeshi dalili yoyote. Walishaugua wakiwa ndama, wakapona, wakabaki na mbegu mwilini.

Miaka michache baadaye ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipakiwa melini kupelekwa Rhodesia kupitia bandari ya Beira. Kufikia 1902 ng'ombe wa huko walikuwa wanakufa kwa wingi. Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903, na hapo akatambua kwamba vile vijidudu vya Dar es Salaam ni ugonjwa wa peke yake. Leo tunauita ndigana kali, na vitabu vya Kizungu bado vinautaja kwa jina la pwani ya mashariki. Alipendekeza ng'ombe wazima wachomwe damu ya waliopona ili wapate kinga. Haikufaa. Mwaka 1904 Charles Lounsbury alionyesha kule Koloni ya Rasi, Afrika Kusini, kwamba mwenezaji ni kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, na baadaye ikaeleweka kwa nini damu pekee haikutosha: kimelea huanza kazi yake ndani ya chembe nyeupe za tezi baada ya kutemwa na kupe, na hufika kwenye chembe nyekundu mwishoni.

Ndiyo maana daktari anayeshuku ndigana kali hatangulii na damu. Hupapasa tezi iliyovimba chini ya sikio, huchoma sindano humo, na hutafuta kwenye kioo yale madoa ya buluu ambayo mpaka leo yanaitwa miili ya Koch. Akiyaona kwa ng'ombe mwenye homa, ana sababu ya kutibu. Akiona vijidudu vichache katika chembe nyekundu za ng'ombe wa pwani anayekula vizuri na kucheua, huyo ni mbebaji tu.

Teknolojia ya PCR, inayotafuta vinasaba vya kiini cha ugonjwa na kuvizidisha mpaka vionekane, imeongeza ukali wa jicho mara nyingi sana. Lakini haikubadilisha swali. Bado inauliza: kimo au hakimo, sasa?

Swali la pili ni pana zaidi, na mfano wake bora ni Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza na Daubney, Hudson na Garnham mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Virusi vyake huenezwa na mbu. Mvua kubwa zikifurika nyika, mayai ya mbu yaliyolala ardhini huanguliwa, kondoo na mbuzi hutupa mimba kundi zima, na watu wanaochinja au kuzalisha mifugo huambukizwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Garissa mwishoni mwa 1997, na tena kuanzia mwishoni mwa 2006, ambapo ugonjwa ulishuka hadi Tana River na Kilifi.

Virusi hivi hukaa kwenye damu ya mnyama kwa siku chache tu. Daktari akifika kijijini wiki mbili baada ya mimba kutupwa, PCR inaweza kusema "hasi" na ikawa kweli, kwa kuwa virusi vimeshaondoka. Kilichobaki ni kingamwili, silaha ambazo mwili ulizitengeneza. Za kwanza kutokea ni zile ziitwazo IgM, zinazoonekana ndani ya wiki moja hivi na kufifia baada ya miezi michache. Kisha huja IgG, zinazoweza kudumu miaka. Anayetaka kulielewa hili na atazame hina: ile ya kiganjani hufifia upesi, ile ya kwenye kucha hubaki. Ukiona hina kiganjani na kuchani, harusi ilikuwa juzi. Ukiiona kuchani tu, harusi ilipita kitambo. Mbuzi mwenye IgM ameugua karibuni. Mwenye IgG peke yake aliugua zamani, au alichanjwa.

Kingamwili hutafutwa kwa kipimo kiitwacho ELISA. Ni kibao cha plastiki chenye vishimo 96. Sehemu ya virusi, isiyoweza kuambukiza, hubandikwa chini ya kila kishimo. Majimaji ya damu ya mbuzi humiminwa humo. Kama yana kingamwili, hushika. Kishimo huoshwa, kisha hutiwa kitu kinachozishika kingamwili hizo na kubeba kimeng'enya, huoshwa tena, na mwisho hutiwa dawa inayobadilika rangi kimeng'enya kikiwapo. Mashine hupima ukolezo wa rangi. Katika aina nyingine, ya ushindani, mambo hugeuka: rangi ikififia ndipo jibu ni chanya. Kwa hiyo karatasi isiyotaja aina ya kipimo ina upungufu mkubwa.

Biashara ndiyo inayofanya tofauti ya IgM na IgG kuwa ya fedha. Septemba 2000 Homa ya Bonde la Ufa ililipuka Jizan, Saudi Arabia, na nchi jirani ya Yemen, mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika, na virusi vilivyopatikana vilishabihiana sana na vile vya Afrika Mashariki vya 1997 na 1998. Mataifa ya Ghuba yalifunga milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na wafugaji waliumia. Kituo cha karantini cha Bachuma, Taita Taveta, kilikusudiwa kwa soko kama hilo: mifugo ishikiliwe, ipimwe, ndipo ipelekwe melini Mombasa. Lakini mnunuzi akikataa kila mbuzi mwenye kingamwili yoyote, anawakataa hata waliochanjwa kwa nia njema. Chanjo ya kale ya Smithburn, iliyotokana na virusi vilivyopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, huacha IgG zisizotofautishwa na za ugonjwa wenyewe. Mfugaji aliyefuata ushauri wa serikali anaadhibiwa na karatasi. Jambo hili linaniuma, na dawa yake ipo: kuuliza IgM, kungoja, na kuuliza tena.

Sasa hesabu, ambayo watu wengi huiruka. Tuchukue kipimo kizuri kinachowanasa wagonjwa 98 kati ya 100, na kinachokosea kwa wazima 3 tu kati ya 100. Tupime mbuzi 1,000 mwaka wa kiangazi ambapo 10 tu ndio walioambukizwa. Tutawapata wote 10 au karibu wote. Lakini kati ya wale 990 wazima, kama 30 watasomeka chanya kimakosa. Karatasi 40 za chanya, na 30 kati yake ni za uongo. Kipimo hicho hicho mwaka wa mafuriko, ambapo mbuzi 300 wameambukizwa, kitatoa chanya za kweli 294 na za uongo 21. Hakuna kilichobadilika maabara; kilichobadilika ni mvua. Kwa hiyo anayesoma jibu bila kujua mbuzi ametoka wapi na msimu gani amesoma nusu yake tu.

Hata kabla ya maabara, damu yenyewe huharibika. Ya kutafutia kingamwili huwekwa kwenye tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, iachwe kivulini itulie mpaka majimaji yajitenge. Ikitikiswa juu ya pikipiki katika joto la Machi, chembe hupasuka, majimaji huwa mekundu, na kipimo huvurugika. Ya hadubini na kijibomba hutaka tyubu ya kuzuia kuganda. Na mnyama aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikimtoka puani hapasuliwi kabisa, kwa kuwa huenda ni kimeta.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba tunatafuta chanya. Kazi kubwa kuliko zote iliyowahi kufanywa na damu ya mifugo Afrika Mashariki ilikuwa kutafuta hasi. Sotoka iliua ng'ombe kwa vizazi. Chanjo iliyoishinda ilitengenezwa Muguga, nje ya Nairobi, na Walter Plowright na wenzake. Mara ya mwisho virusi vilionekana kwa nyati wa Hifadhi ya Meru mwaka 2001. Lakini utathibitisha vipi kwamba kitu hakipo katika nyika inayoanzia Tana mpaka ndani ya Somalia? Chanjo ilisimamishwa, wakangojewa ng'ombe waliozaliwa baadaye, kisha damu yao ikavutwa. Ng'ombe mkubwa mwenye kingamwili hakusema kitu, kwani huenda alichanjwa. Ndama asiye nazo, na mwenzake, na maelfu mengine wasio nazo, walisema. Juni 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba sotoka imetoweka duniani.

Sasa zamu ni ya sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Turkana mwaka 2006 na ambayo FAO na shirika la afya ya wanyama duniani wamekusudia kuimaliza ifikapo 2030. Chanjo yake nayo huacha kingamwili zinazofanana na za ugonjwa. Kwa hiyo mtaalamu anayekwenda kuchukua damu zizini Kilifi huanza kwa kumfungua mbuzi mdomo na kutazama meno. Mwenye meno ya maziwa pekee ana mwaka mmoja hivi au chini yake. Akiwa amevuka miezi sita, kingamwili alizonyonya kwa mama zimeshakwisha, na kama chanjo haikupita zizini tangu azaliwe, damu yake ndiyo ya kuulizwa.