Mabaraza ya Dunia za Kompyuta

Kila mji una mahali pake pa kukutania. Pwani watu huketi barazani. Bara hukaa chini ya mti au penye duka la chai. Mwaka 1989 Mmarekani mmoja mtaalamu wa elimu ya jamii, Ray Oldenburg, alitoa kitabu juu ya mahali pa namna hiyo, akapaita "mahali pa tatu", kwa kuwa si nyumbani wala si kazini. Siku hizi kuna dunia nyingine zisizo na mchanga wala mawe, nazo pia zina mabaraza yake. Makala hii yataka kueleza kwa nini baraza moja la dunia hizo humvuta mgeni akakaa, na jingine humfukuza bila kumwambia neno.

Kwanza yafaa tujue dunia hizo ni nini. Ni programu iliyowekwa katika kompyuta iitwayo seva, na watu walio mbali mbali huingia humo kwa njia ya intaneti, wakakutana kwa wakati mmoja. Mojawapo ya zile za mwanzo ilianza kutungwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na mwanafunzi Roy Trubshaw, kisha ikaendelezwa na mwenziwe Richard Bartle. Iliitwa MUD, wala haikuwa na picha hata moja. Mtu alisoma maelezo ya chumba alichomo, akaandika atakalo kutenda. Baadaye zikaja picha, na kila mtu akapata avata, yaani sanamu ya kumwakilisha, iendayo na kusema kwa niaba yake.

Mgeni aingiapo katika dunia kama hiyo hajui njia, hana rafiki, wala hajui desturi za wenyeji. Dakika zake chache za kwanza ndizo huamua kama kesho atarudi. Basi, ni nini kimfanyacho akae? Naona yako mambo manne.

La kwanza ni njia ya kufika. Mwaka 1990 Pavel Curtis, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, alianzisha dunia ya maneno matupu iitwayo LambdaMOO, akaijenga kwa mfano wa nyumba yake mwenyewe. Mgeni aliingia kwanza katika kijichumba chenye giza cha kutundikia makoti. Alipofungua mlango tu, alikuwa sebuleni, penye moto wa kuota, watu wanaozungumza, na kasuku mwenye kishungi aliyerudia maneno ya watu. Tazama faida yake: mgeni hakuhitaji kuuliza njia, maana mlango wa kwanza ulimtoa penye watu. Tena aliweza kusimama kando na kusikiliza kwanza kabla ya kusema, kama afanyavyo mtu mwenye adabu afikapo ugenini.

La pili ni watu wenyewe. Katika Second Life, dunia iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, ramani huonyesha kila mtu kwa nukta ya kijani. Mgeni huitazama ramani, kisha huenda palipo na nukta nyingi, kwa maana watu huvutwa na watu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini huko uzuri peke yake haukutosha. Kampuni ya nguo ya American Apparel ilifungua duka humo mwaka 2006, na mwaka 2007 ikalifunga. Makampuni mengine pia yalijenga majumba ya fahari ambayo mgeni aliingia, akatazama huku na huku, asione mtu, akaondoka.

Hapa kuna jambo dogo ambalo wajenzi wengi hulisahau. Katika Second Life maneno ya kawaida yanayoandikwa husikika kwa umbali wa mita 20 tu. Kwa hiyo watu 20 katika chumba kidogo huonekana kama wamo karamuni, na kila mmoja humsikia mwenziwe. Watu hao hao ukiwatawanya katika ukumbi mkubwa kama uwanja wa mpira, kila mmoja huwa kama yuko peke yake. Ajengaye baraza la wageni na asilipanue kupita kiasi.

La tatu ni sababu ya kukaa. Mgeni huona haya kusimama bure mbele ya watu asiowajua. Akiwa na shughuli hata ndogo, haya humtoka. Mchezo wa EverQuest ulipotoka mwaka 1999, haukuwa na soko maalumu la wachezaji. Wachezaji katika seva nyingi walijichagulia wenyewe handaki moja la njiani karibu na mji wa Freeport, wakaligeuza soko. Huko mgeni aliweza kuzunguka, kuuliza bei na kusikiliza mabishano, wala hakuna aliyemwuliza, "Wewe wataka nini hapa?" Kisha, kwa toleo lililotoka Desemba 4, 2001 na kuitwa Shadows of Luclin, likaletwa soko rasmi. Mnunuzi alitafuta bidhaa katika orodha, na avata za wauzaji zilikaa zimenyamaza huku wenyewe wameondoka kompyutani. Biashara ikawa rahisi, lakini mazungumzo yakapungua.

Lakini shughuli ya kulazimishwa haitoshi. Watunzi wa Star Wars Galaxies, mchezo uliodumu tangu 2003 hata 2011, walitaka watu wakae pamoja; basi wakaweka sheria kwamba uchovu wa vita utaponywa kwa kutazama wacheza ngoma na kusikiliza wapiga muziki katika vilabu vya miji. Mpango ulikuwa mzuri. Mwaka 2004 wataalamu watatu wa maabara ile ile ya Palo Alto, Nicolas Ducheneaut, Robert Moore na Eric Nickell, walitoa habari za uchunguzi wao katika vilabu hivyo. Waliona kwamba wachezaji wengi waliziamuru avata zao zicheze zenyewe, nao wakaenda zao. Wateja walikuja, wakapona, wakaondoka. Ukumbi ulijaa sanamu, na mgeni aliyetoa salamu aliweza kukosa mtu wa kumjibu.

La nne, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni mwenyeji. Katika Second Life watu wa kujitolea walianzisha kundi liitwalo New Citizens Incorporated, wakawafundisha wageni bila malipo namna ya kutembea, kuvaa na kujenga. Mgeni aliyeulizwa jina lake na kuonyeshwa kazi huona kwamba mahali pale pana nafasi yake. Ndiyo maana ya methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe si adhabu. Ni alama ya kuwa yeye sasa ni mmoja wetu.

Lakini wazazi na wanafunzi watahadhari hapa, maana si kila acheke na mgeni ni mwenyeji mwema. Walaghai nao hupenda wageni, kwa sababu mgeni ana upweke na hajui desturi. Mwenyeji wa kweli husema nawe hadharani mbele ya wengine. Haombi neno lako la siri, wala fedha, wala picha yako, wala hakwambii uwafiche wazazi maongezi yenu. Aombaye hayo, mwache mara moja, umweleze mtu mzima.

Mambo haya manne hayahitaji kompyuta. Kila mwaka Kidato cha Kwanza huja na masanduku yao, na bwalo letu ni pana. Tukimwona mgeni amesimama mlangoni na sahani mkononi, tumwite katika meza yenye watu, tumwulize jina, na baada ya chakula tumwambie, "Haya, ndugu, shika ufagio, leo ni zamu yetu."